Ununuzi wa gari lililotumika

'''Gari lililotumika''' (huitwa pia '''gari la mtumba''') ni gari lililowahi kumilikiwa na mtu mwingine kabla ya kuuzwa tena. Magari mengi ya binafsi nchini Tanzania, Kenya na Uganda ni ya namna hii, na sehemu kubwa yake hutoka Japani. Kwa mnunuzi mwenye akiba ndogo, kama vile mtumishi aliyepokea kiinua mgongo au kijana aliyejichanga miaka kadhaa, jina la gari halitoshi kumwongoza. Magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana sana, moja likaenda miaka mingi bila shida na jingine likashinda gereji. Jambo la kujua ni jinsi gari lile lilivyotunzwa, na kiasi cha fedha kitakachobaki baada ya kulilipia.

== Asili ya magari haya ==

Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani huwa kulia, sawa na Tanzania, Kenya na Uganda. Aidha, sheria ya Japani inataka kila gari la binafsi lipitie ukaguzi unaoitwa ''shaken'': mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu liwe jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na kadiri gari linavyozeeka wenyewe wengi huona heri waliuze. Magari hayo hupelekwa minadani, hununuliwa na kampuni za kuuza nje, kisha husafirishwa kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam.

== Umri na kodi ==

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi gari kuukuu, ila hulitoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Ndiyo maana gari la bei ya kutupa lililoonekana kwenye tovuti ya Japani huweza kuwa ghali likifika bandarini. Kodi zote zikijumlishwa zinaweza kukaribia au hata kupita bei ya gari lenyewe.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani kuwa kodi hufuata risiti ya ununuzi. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina thamani zake kwa kila aina, mwaka na ukubwa wa injini, na mtu aliyebahatika kupata gari kwa bei ya chini hapati nafuu hiyo kwenye kodi. Kikokotoo cha TRA kiko wazi kwenye intaneti, na kukitumia kabla ya kutuma fedha Japani ni kazi ya dakika chache. Viwango hubadilika katika bajeti za serikali, kwa hiyo hesabu ya jirani aliyeagiza gari miaka miwili iliyopita haitoshi.

== Karatasi ya mnada na namba ya usajili ==

Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye alama. Kwa kawaida alama 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la wastani lenye mikwaruzo na michubuko, na herufi R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Mchoro wa gari kwenye karatasi hiyo huonyesha kasoro kwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Kilomita huandikwa humo pia. Kwa kuwa kilomita za dashibodi huweza kurudishwa nyuma, mnunuzi hulinganisha namba hizo mbili. Muuzaji asiyetaka kuionyesha karatasi hiyo amekwisha kutoa jibu.

Kwa magari yaliyomo nchini tayari, kuna mazoea ya kupima ujana wa gari kwa herufi ya namba ya usajili. Dar es Salaam watu husema "gari namba D" na kuliona bora kuliko "namba C", na Nairobi vivyo hivyo KD huwekwa juu ya KC. Herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa nchini tu. Gari lililoundwa mwaka 2003 na kuingia Tanzania miaka ishirini baadaye litakuwa na namba mpya na bushi kuukuu. Mwaka wa kuundwa huandikwa kwenye kadi ya gari, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi lazima ilingane na kadi hiyo tarakimu kwa tarakimu.

== Kulikagua gari ==

Gari hukaguliwa mchana, likiwa kavu, na injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha na kulipasha moto kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka au mlio wa asubuhi. Moshi wa buluu huonyesha injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto huashiria maji kuingia ndani ya injini, na kifuniko cha oili chenye utando wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya jambo hilohilo. Injini ya namna hiyo huhitaji kufunguliwa.

Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha, taa za tahadhari kwenye dashibodi hutakiwa kuwaka zote, kisha kuzimika injini ikishika. Taa ya injini isiyozimika ni tatizo, na isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa makusudi. Ajali ya zamani hutafutwa chini ya zulia la buti, pale tairi la akiba linapokaa, na kwenye nati za boneti: rangi iliyochubuka pembeni mwa nati huonyesha kuwa zilifunguliwa. Giaboksi ya otomatiki inayochelewa kushika au kutikisika ikiwekwa D haifai kuchukuliwa kwa matumaini.

Fundi wa kukagua achaguliwe na mnunuzi mwenyewe na alipwe naye. Fundi aliyeletwa na dalali, au aliyeahidiwa "cha juu", hana sababu ya kuona kasoro.

== Uchaguzi wa aina ==

Toyota kama IST, Vitz, Probox, Raum na Premio zimeenea kwa sababu spea zake hupatikana kila mahali, kuanzia Kariakoo hadi miji midogo ya mikoani, na karibu kila fundi anazijua. Nyingi kati yake hutumia injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo ina cheni badala ya mkanda wa taimingi na hutumia mafuta kwa kiasi. Magari makubwa ya Ulaya yakizeeka hushuka bei sana, hata BMW ikakaribia bei ya IST, lakini spea zake hazishuki nayo. Gari la mafuta na umeme, mfano Prius, huokoa petroli. Ila betri yake kubwa huchoka kwa umri, na kuibadilisha ni gharama nzito.

Ni busara kutotumia akiba yote kwenye bei. Gari lolote lililotumika hudai oili, vichujio, bushi na mara nyingi tairi katika miezi ya mwanzo. Tairi huwa na tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la zamani hupasuka hata kama meno yake yangali marefu.

== Nyaraka ==

Kabla ya kulipa, mnunuzi huhakiki kuwa jina kwenye kadi ni la muuzaji na kuwa gari halikuwekwa rehani kwa mkopo. Nchini Kenya uchunguzi huo hufanywa kupitia NTSA. Faini za barabarani na madeni ya maegesho huandikwa kwa namba ya gari, hivyo huangaliwa siku ileile ya malipo. Umiliki nao ubadilishwe mara moja: gari likibaki kwenye jina la zamani, makosa ya dereva mpya huendelea kumwangukia muuzaji, na mnunuzi hana uthibitisho kuwa gari ni lake.