Neno la Kimakonde ndani ya tRNA

Najua hapa kampasi ukitaja nyukiliosidi zilizorekebishwa watu wanaanza kusinzia. Ila wewe wa Ndanda, Masasi au Newala usilale, hii historia inakuhusu.

Ni hadithi mbili. Ya kwanza ilianzia maabara mwaka 1951, wanakemia walipokuta kwenye RNA herufi ya tano, nje ya zile nne za kawaida. Baadaye iliitwa sudouridini. Mwaka 1965 Robert Holley na wenzake wakaisoma tRNA moja ya hamira mwanzo hadi mwisho, wakakuta herufi kadhaa za namna hiyo.

Ya pili ilianzia kwetu. Mwaka 1952 ilizuka homa, viungo vinauma mpaka mtu hawezi kusimama wima. Wenyeji wakaiita kwa Kimakonde chikungunya, kile kinachokunja. Kule juu uwandani maji yalikuwa shida, watu wanayaweka mitungini ndani ya nyumba, na mbu aina ya Aedes aegypti wanazaliana humo humo. Mwaka 1953 R. W. Ross akakipata kirusi kwenye damu ya mgonjwa. Mwaka 1955 Marion Robinson na Lumsden wakachapisha maelezo ya ugonjwa, jina likabaki lile lile la wenyeji.

Hadithi hizo zilikutana mwaka 2022. Watafiti wa Barcelona na wenzao walijiuliza: jeni za kirusi hiki zimejaa kodoni ambazo seli zetu huzisoma kwa kusuasua, sasa protini zake zinatengenezwaje haraka hivyo? Kumbe seli ikiambukizwa inazalisha kwa wingi kimeng'enya kiitwacho KIAA1456. Hicho kinarekebisha uridini iliyo nafasi ya 34 ya tRNA, pale pale inapogusana na kodoni. Kitawi kidogo kinakaa kwenye kaboni namba 5, basi, kodoni za kirusi zinasomeka vizuri. Yaani kirusi kinageuza tRNA zetu zikitumikie chenyewe!

Jamani, chikungunya iliwapiga watu wa Lamu na Mombasa mwaka 2004, ikavuka bahari hadi Réunion 2005 na 2006. Dawa maalumu ya kukiua kirusi bado hakuna, na kimeng'enya hicho ni sehemu mojawapo ya kuitafutia. Mdau unayehangaika na mada ya projekti ya mwaka wa tatu, hii hapa. Bibi zetu walishamaliza kazi ya jina. Iliyobaki ni kemia, na hiyo ni ya kwetu sisi.