Kuboresheka si Kukamilika

Mfasiri anayekutana kwa mara ya kwanza na kivumishi cha Kiingereza "perfectible" huona "perfect" ndani yake, hukimbilia "kamili", na chai haijapoa ameshaandika "kinachoweza kukamilika". Kamusi haimkatazi. Lakini sentensi aliyoipata itamsumbua, kwa sababu kwa Mswahili kilichokamilika kimekwisha. Nyumba iliyokamilika haingoji fundi, mahari iliyokamilika haidaiwi, na ikigonga saa mbili kamili hakuna wa kuifanya kamili zaidi. Kivumishi hiki kinataja kitu cha namna nyingine kabisa: kile ambacho kila kikifika mahali, kinaweza kusogezwa mbele tena.

Waingereza wenyewe walilikoroga neno hili. Mwaka 1793 William Godwin alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu haki ya kisiasa, na moja ya hoja zake ni kwamba binadamu ana sifa hiyo. Waliomdhihaki walimsoma kana kwamba anaahidi watu wasio na dosari. Godwin alikuwa ameeleza kwamba hasemi binadamu ataufikia ukamilifu. Anasema anaweza kufanywa bora mfululizo, bila kukoma. Tena akaongeza kwamba maana hizo mbili zinapingana, maana siku tutakapoufikia ukamilifu ndiyo siku uboreshaji wetu utakapokufa. Kitabu chenyewe alikirekebisha kikatoka upya mwaka 1796, kisha tena 1798, kwa hiyo angalau kwa upande wa kitabu hoja ilikuwa na ushahidi.

Basi "kamili" tuiweke kando. Kiswahili kina mnyambuliko uliozoea kazi hii tangu zamani, ule ambao wanaisimu huuita kauli ya kutendeka. Masika yakikaza, barabara haipitiki. Sukari ikiadimika, bei haishikiki. Kijana akiwashinda wazazi, husemwa haambiliki wala hasemezeki, na huyo asiyeambilika ni ndugu wa karibu wa mada yetu, kwani ndiye binadamu aliyeshindikana kurekebishwa. Ajabu ni kwamba mifano inayokuja upesi mdomoni yote imekanushwa. Uwezekano tunautaja zaidi unapokosekana. Upande wa kukubali tumewaachia wahandisi na barabara zao zinazopitika mwaka mzima.

Kutoka "bora" tunapata "boresha", na kutoka "boresha" tunapata "boresheka", kwa kiambishi -ek- kinachofuata irabu ya shina. Neno hili lisichanganywe na "boreka". Tukisema huduma za zahanati zimeboreka, tunatoa habari: jambo limetokea. Tukisema zinaboresheka, tunatoa tathmini: bado haziridhishi, ila zina pa kwenda. Na hata "boresheka" lenyewe linahitaji kuchungwa, kwa kuwa kauli ya kutendeka hubeba hali na uwezekano kwa pamoja, na kinachoamua ni kiambishi cha wakati. "Kikombe kimevunjika" ni taarifa ya msiba mdogo. "Kikombe hiki kinavunjika, kishike vizuri" ni onyo, na kikombe bado kizima. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "jamii iliyoboresheka" pale alipotaka "jamii inayoboresheka" ameruka karne kadhaa kwa kiambishi kimoja.

Hapo ndipo tofauti kubwa ya lugha hizi mbili inapojitokeza. Kivumishi cha Kiingereza kinamficha mtendaji. Kinasema kitu kina nafasi ya kuwa bora, lakini nani atakiboresha hakisemi. Kiswahili hakimpi mwandishi raha hiyo. Kitu kinaboreka, kinaboreshwa, kinaboresheka au kinajiboresha, na kila umbo lina siasa yake.

Chukua Jean-Jacques Rousseau. Katika hotuba yake kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa baina ya watu, iliyochapishwa mwaka 1755, aliitumia nomino ya Kifaransa ya neno hilihili kutaja kipawa kinachomtenga binadamu na mnyama. Mnyama, alieleza, baada ya miezi michache huwa vile atakavyokuwa maisha yake yote, na jamii yake baada ya miaka elfu iko palepale ilipokuwa mwaka wa kwanza. Binadamu hujibadilisha. Kitenzi alichokitumia Rousseau ni cha kujitendea, kwa hiyo "kuboresheka" hakumtoshi. "Uwezo wa kujiboresha" unamkaribia zaidi.

Unamkaribia, lakini haumfiki, kwa sababu Rousseau hakuwa akisifu. Kwake kipawa hicho ndicho chemchemi ya maafa yote ya binadamu: ndicho kilichomtoa katika utulivu wa mwanzo, kikamzalia elimu na makosa, fadhila na maovu. Na uzee au ajali ikimnyang'anya alichokipata, hushuka chini kuliko mnyama ambaye hakuwa na cha kupoteza. Sasa "kujiboresha" kwa masikio ya leo kunanukia semina, bango la ukumbini na cheti cha kuhudhuria. Mimi ningemfasiri kwa "uwezo wa kujiendeleza". Kuendelea ni kusonga tu. Mtu huendeleza biashara, na huendeleza ugomvi vilevile. Neno halijaahidi kheri, na Rousseau hakuiahidi pia.

Tena "kujiendeleza" tayari lina maisha yake kwetu. Nchini Tanzania mtumishi aliyerudi darasani ukubwani husemwa anajiendeleza. Na Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, alishikilia kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Nyumba unaweza kumjengea mtu, utu na kujiamini hutaweza kumjengea. Ukilisoma hilo sambamba na Godwin, ambaye kwake binadamu "hufanywa" bora, unaona umbali uliopo kati ya viambishi -ji- na -w-.

Kivumishi hiki hakikai peke yake. Mara nyingi huandamana na kingine, "indefinite", na huyo mwenzake ana hila zaidi. Mwaka 1793 Condorcet, mwanahisabati na mwanasiasa wa Mapinduzi ya Ufaransa, alitolewa hati ya kukamatwa akajificha Paris katika nyumba ya mama mmoja mjane. Humo, upanga ukimngoja, aliandika historia ya maendeleo ya akili ya binadamu, akadai kwamba kuboresheka kwetu hakuna mpaka uliowekwa. Mwezi Machi 1794 alitoka mafichoni, akakamatwa, akafia mahabusu. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata.

Thomas Malthus alikishambulia mwaka 1798 katika insha yake kuhusu idadi ya watu, ambayo hata kichwa chake kinawataja Godwin na Condorcet kwa majina. Takwimu zake za chakula na uzazi ndizo zinazokumbukwa, lakini kuna ukurasa wa mambo ya maneno ambao mimi naupenda zaidi. Wafugaji wa kondoo wa Leicestershire walikuwa wakiwazalisha kwa kuchagua, wapate wenye vichwa vidogo na miguu midogo. Hakuna aliyejua watafika wapi. Je, ndiyo kusema kichwa na miguu ya kondoo vitapungua hadi vitoweke? Hakuna pia awezaye kusema ameliona ua la karnesheni kubwa kuliko yote yatakayowahi kuchanua, lakini kila mtu anajua halitafika ukubwa wa kabichi. Mpaka usioonekana, alisema Malthus, si sawa na kutokuwa na mpaka.

Kiswahili cha haraka kinazifunika maana hizi zote mbili za "indefinite" kwa "isiyo na kikomo". Anayemfasiri Condorcet akaliandika hilo ameshamkabidhi Malthus ushindi kabla ya mjadala. Na Condorcet hakuwa mzembe: alipozungumzia urefu wa maisha alizitenganisha maana mbili, ya umri unaozidi kuukaribia mpaka bila kuugusa, na ya umri unaoweza kupita mpaka wowote utakaoutaja. "Ambayo kikomo chake hakijulikani" ni refu na linachosha, lakini linamwachia msomaji kesi aiamue mwenyewe.

Kuhusu nomino, wapo watakaotaka "uboreshekaji" kwa mfano wa "upatikanaji". Limeundwa sawasawa na halina kosa. Mimi naona "kuboresheka" lenyewe linatosha, na halimtishi msomaji.

Inabaki matumizi ya upole, ambayo hayamo kwa wanafalsafa. Katika Kifaransa cha shule na ofisi, pamoja na kile cha Kongo na Burundi, kivumishi hiki huandikwa na mwalimu kwenye ripoti ya mwanafunzi ambaye kazi yake si nzuri. Hakimsifu. Ni njia ya adabu ya kusema haijatosha. Ukimpelekea mzazi wa Lubumbashi au Bujumbura tafsiri inayosema kazi ya mwanawe "inaboresheka", atafurahi bure, pengine amnunulie mtoto soda. Hapa istilahi yote niliyoitetea haifai kitu. Walimu wa Kiswahili wana maneno yao, mawili tu, na kila aliyewahi kubeba ripoti nyumbani anajua uzito wake: "Aongeze bidii."