Kanzidata ya Snapshot Serengeti

Snapshot Serengeti ni mradi wa kamera za kutega katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo sehemu yake imo mkoani Mara. Ulianza mwaka 2010 chini ya utafiti wa simba wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kamera 225 zilitandazwa kwenye kilomita za mraba 1,125, moja kwa kila kilomita za mraba 5. Kufikia 2013 zilikuwa zimeleta mafungu milioni 1.2 ya picha, na 322,653 tu ndiyo yaliyokuwa na wanyama. Nyasi zikitikiswa na upepo huweza kuishtua kamera, nayo hupiga picha tupu.

Watu zaidi ya 28,000 wa kujitolea walizitambua picha hizo kupitia intaneti, wakatoa majibu milioni 10.8. Wasanifu wa kanzidata waliyahifadhi majibu hayo yote katika jedwali moja, kila jibu na mstari wake, hata yanayopingana. Juu yake wakajenga jedwali la muafaka: kila fungu la picha hupewa aina ya mnyama iliyopata kura nyingi, pamoja na kipimo cha namna watu walivyoafikiana. Kipimo kikiwa sifuri, wote wamesema jambo moja. Kikikaribia moja, wamegawanyika, na mtafiti anajua picha ya kurudia kuitazama mwenyewe. Picha 4,149 zilizokaguliwa na wataalamu zilionyesha kuwa muafaka ulipatia aina ya mnyama kwa asilimia 96.6. Idadi ya wanyama ndiyo iliyosumbua zaidi, na si ajabu: nani atahesabu nyumbu waliosongamana?

Jedwali linalosahauliwa na wengi halina mnyama hata mmoja. Linaeleza kila kamera ilifanya kazi tangu lini hadi lini, sawa na kumbukumbu ya utendaji ambayo msimamizi wa seva huitunza. Bila jedwali hilo, ukimya wa kamera iliyoharibika husomeka kama mbuga isiyo na wanyama. Hadi 2013 kamera zote zilikuwa zimekusanya siku 99,241 za kazi, na hesabu yoyote ya fisi au simba lazima igawanywe kwa siku za kazi za kamera husika. Anayepakua picha akaliacha jedwali hilo amepakua nusu ya kanzidata.