Kyotei: mbio za motaboti zilizojengwa juu ya kutoaminiana

Kuna mchezo Japani unaoitwa kyotei. Kwa wale ambao hawajawahi kuusikia, ni mbio za motaboti sita ndogo za mbao, kila moja ikiwa na dereva mmoja, zinazozunguka maboya mawili mara tatu. Mzunguko mmoja ni mita 600, kwa hivyo mbio nzima ni mita 1,800 na huisha kwa takriban dakika mbili. Watazamaji huweka dau. Tangu 2010 mchezo huu unatangazwa kwa jina la BOAT RACE, lakini mimi nitatumia jina la zamani.

Mimi ni mtu wa programu, si mtu wa boti. Nilivutiwa na kyotei kwa sababu ukisoma kanuni zake unaona kazi ya watu waliokaa chini wakajiuliza swali ambalo sisi pia hujiuliza kazini: utajengaje mfumo ambao utafanya kazi vizuri hata kama kila anayeutumia ana sababu ya kudanganya? Hebu tuanze na historia, kwa maana majibu yao yanatoka huko.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, miji mingi ya Japani ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu, na serikali za miji hazikuwa na pesa za kujenga upya. Njia moja waliyotumia ilikuwa kuruhusu kamari inayosimamiwa na serikali za mitaa zenyewe. Mbio za baiskeli zilianza 1948, na za pikipiki 1950. Aliyepigania zaidi mbio za boti alikuwa Sasakawa Ryoichi, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia ambaye Wamarekani walimfunga kwa miaka mitatu katika gereza la Sugamo akishukiwa uhalifu wa kivita, kisha wakamwachilia mwishoni mwa 1948 bila kumfikisha mahakamani. Mswada wake ulipata upinzani mkali. Baraza la juu la bunge liliukataa, baraza la chini likaupitisha tena kwa theluthi mbili ya kura, na ndivyo ilivyopatikana Sheria ya Mashindano ya Motaboti ya 1951. Mbio za kwanza zilifanyika Omura, mkoa wa Nagasaki, Aprili 1952. Leo kuna viwanja 24.

Waanzilishi hawa walikuwa na tatizo kubwa mbele yao. Mwaka 1950, katika uwanja wa baiskeli wa Naruo mkoani Hyogo, watazamaji walifanya ghasia kubwa kwa kuamini kwamba wamechezewa. Kwa hivyo mchezo mpya ulihitaji zaidi ya kuwa halali. Ilibidi mtu aliyepoteza pesa zake aweze kuamini, hata akiwa na hasira, kwamba hakuibiwa. Kanuni nyingi za kyotei ninazozieleza hapa chini zinatokana na haja hiyo.

Jambo la kwanza: boti na injini ni mali ya uwanja. Dereva hana boti yake. Siku moja kabla ya mashindano kuanza, madereva hufika uwanjani na kila mmoja hupewa injini na boti kwa bahati nasibu. Injini zote ni za aina moja, za kampuni ya Yamato, zenye mitungi miwili na ukubwa wa takriban sentimita za ujazo 400, na boti hufikia kama kilomita 80 kwa saa. Lakini fundi yeyote atakwambia kwamba hata injini mbili zilizotoka kiwandani pamoja hazifanani kabisa. Wajapani hawajifanyi kwamba zinafanana. Wanaweka kumbukumbu ya kila injini kwa namba yake, yaani ni mara ngapi kati ya mia imemaliza katika nafasi mbili za kwanza bila kujali nani aliiendesha, na kumbukumbu hiyo inatangazwa kwa umma. Baada ya mwaka mmoja uwanja hununua injini mpya na hesabu inaanza upya.

Ukitafakari utaona uzuri wake. Sisi tukitaka kujua kama programu moja ina kasi kuliko nyingine hatuijaribu ya kwanza kwenye kompyuta mpya na ya pili kwenye kompyuta iliyochoka. Tunatenganisha programu na mashine. Kyotei inamtenganisha dereva na mashine yake. Akishinda mwaka mzima kwa injini alizopewa kwa bahati nasibu, huwezi kusema ni pesa za tajiri wake. Na akipewa injini mbovu hakatazwi kujisaidia: anaruhusiwa kuifungua, kuisafisha na kuirekebisha kwa mikono yake, ndani ya mipaka iliyowekwa. Dereva wa kyotei lazima awe fundi pia.

Jambo la pili ni jinsi mbio zinavyoanza. Boti hizi hazina breki wala gia ya kuzifanya zisimame huku injini ikinguruma. Injini ikiwaka, boti inakwenda. Huwezi kuzipanga kwenye mstari kama wakimbiaji wa mita 100. Suluhisho lao ni saa kubwa inayoonekana na madereva wote. Boti zinaondoka gatini, zinazunguka zikigombania nafasi, kisha zinaukimbilia mstari. Kila boti lazima ivuke mstari sekunde sifuri inapofika, au ndani ya sekunde moja baada yake. Ukiwahi hata kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, umeondolewa, na ukichelewa kwa zaidi ya sekunde moja, umeondolewa vilevile. Wote waliocheza dau kwa boti iliyoondolewa namna hii hurudishiwa pesa zao. Dereva aliyewahi hufungiwa siku 30, na akirudia katika kipindi hicho hicho huongezewa siku 60. Siku hizo hapati kipato.

Madereva wazuri huvuka mstari kama sekunde 0.15 baada ya sifuri. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, hiyo ni kama mita tatu tu. Na kuna mtego zaidi. Boti iliyo upande wa ndani ina njia fupi kwenye kona ya kwanza, na kwa kweli boti ya ndani kabisa hushinda zaidi ya nusu ya mbio. Lakini aliyewahi kuchukua nafasi ya ndani hulazimika kuanza kukimbia akiwa karibu na mstari, kwa hivyo anavuka kabla hajapata kasi kamili. Walio nje wanarudi nyuma sana na kuja mbio. Kila faida ina gharama yake, na gharama hiyo haikuamuliwa na refa bali inatoka kwenye maji yenyewe.

Sasa nije kwenye kisa ambacho nadhani kina funzo kubwa kuliko yote. Mwaka 1988 kanuni ilibadilishwa, madereva wakaruhusiwa kumiliki rafadha zao, yaani lile panga la chuma linalosukuma maji nyuma ya boti. Lilionekana jambo dogo. Lakini rafadha hupigwa nyundo na kukunjwa kwa vipimo vidogo sana, na mabadiliko ambayo jicho halioni yanaweza kuamua mbio. Ikawa madereva wanaunda vikundi vya kutengeneza rafadha pamoja, na siri zinabaki ndani ya kikundi. Kilichokuwa shindano la watu kikaanza kuwa shindano la karakana. Mwaka 2012 wakaufunga mlango huo: rafadha zikarudi kuwa mali ya uwanja, zikatolewa pamoja na injini. Dereva bado anaweza kuipiga nyundo, lakini mashindano yakiisha anaiacha, na anayefuata anaikuta kama alivyoiacha.

Hilo ndilo jambo ninalotaka wanamichezo wengine walione. Mfumo wa haki hauhitaji kubomolewa wote ndipo uharibike. Ukiacha sehemu moja tu wazi, pesa na akili za watu wote zitahamia hapo. Sisi katika usalama wa kompyuta tunalijua hili vizuri sana.

Matunda mengine yalikuja ambayo sidhani kama waanzilishi waliyapanga. Kwa sababu vifaa ni sawa, wanawake na wanaume hushindana katika mbio moja. Kinachotofautiana ni uzito wa chini unaoruhusiwa: tangu 2020 ni kilo 52 kwa wanaume na 47 kwa wanawake, na aliye chini ya hapo hubebeshwa uzito wa ziada. Machi 2022, huko huko Omura mbio zilikoanzia, Endo Emi akawa mwanamke wa kwanza kushinda shindano la daraja la juu kabisa la kyotei.

Je, mfumo huu hauna ufa? Upo. Madereva hulala bwenini wakati wote wa mashindano, simu zao zikiwa zimechukuliwa, wasiweze kuwasiliana na mtu wa nje. Hata hivyo, mwaka 2020 mahakama ya Nagoya ilimhukumu dereva wa zamani kifungo cha miaka mitatu kwa kupokea pesa ili amalize nyuma kwa makusudi. Bahati nasibu inaweza kukupa injini, lakini haiwezi kukupa moyo. Na kamari ni kamari: robo ya kila dau haimrudii mchezaji, na wapo waliopoteza nyumba zao. Sitaki msomaji atoke hapa akitafuta pa kuweka dau.

Sehemu ya robo hiyo imefika hata Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Sasakawa alianzisha taasisi inayopata asilimia ndogo ya mapato ya mbio, ambayo leo inaitwa Nippon Foundation. Mwaka 1986 yeye, Norman Borlaug, mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani, na Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, walianzisha mpango wa kilimo wa Sasakawa Global 2000. Uliingia Tanzania mwaka 1989, na baadaye Uganda, ukiwaonyesha wakulima mbegu bora na mbolea kwenye mashamba yao wenyewe. Wakulima wa mahindi wa Tanzania walihudumiwa na pesa zilizotoka mfukoni mwa watu walioshindwa dau lao Omura na Heiwajima. Kama hilo ni jema au baya, nakuachia wewe uamue.

Narudi kwa wanamichezo. Sisemi mbio zote ziige kyotei. Mbio za magari ambako viwanda hushindana kwa uhandisi zitapoteza maana yake zikigawa injini kwa bahati nasibu. Lakini kuna mbio nyingi ndogo, za boti, za magari madogo, za baiskeli, ambako kijana mwenye kipaji huacha mchezo kwa sababu mwenzake ana baba mwenye pesa. Kwa hao, njia ya Japani ni rahisi: klabu inunue vifaa, ivigawe kwa bahati nasibu, itangaze rekodi ya kila kifaa, na mwanzo wa mbio uamuliwe na saa. Wajapani hawakufanya hivyo kwa wema. Walifanya hivyo kwa sababu hawakumwamini mtu yeyote, na wakapata mchezo ambao dereva asiye na kitu anaingia majini na injini ya aina ile ile aliyo nayo bingwa.