Injini mbili na wingu la Rungwe

Wadau, ukisimama ufukweni Matema, Kyela, milima ya Livingstone inaanzia palepale majini. Kaskazini-magharibi ni Rungwe, mara nyingi kajifunika wingu. Sasa fikiria unasomea urubani, unataka leseni ya kuruka kwa kusoma vyombo bila kuona nje. Uchague ndege gani ya injini mbili?

Tuanze na historia. East African Airways ilianza safari mwaka 1946 na Dragon Rapide sita, zote za injini mbili. Mei 18, 1955 DC-3 yake, nayo ya injini mbili, ikitoka Dar kwenda Nairobi ikagonga Kilimanjaro. Watu wote 20 walikufa. Injini ya pili haioni mlima, ndugu zangu. Kazi hiyo ni ya vyombo na anayevisoma.

Pili, hesabu. Piper Seminole, kipenzi cha shule za urubani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, injini moja ikizima haipandi zaidi ya mita 1,200 hivi. Kyela, kwenye mita 500, utasalimika. Mbeya mjini ni mita 1,700: hapo utashuka tu. Seneca II ya mwaka 1975 ina turbo, kwa injini moja hufika kama mita 4,000. Rungwe ni 2,960.

Seminole ni nafuu, sikatai. Ila kama unaota kutua Songwe, uwanja uliofunguliwa 2012 na ukungu wake, uliza kabla ya kulipa ada: injini moja ikizima, hii inafika mita ngapi?