Kutoka Mafiga hadi Mbabula: Historia Fupi ya Moto wa Uani Nakivale

Mwanafunzi wa Kaberebere, mji mdogo ulio kusini mwa Mbarara katika wilaya ya Isingiro, akimwuliza mwalimu jina la Kiswahili la mahali pa moto nje ya nyumba, atajibiwa nini? Jiko? Meko? Mafiga? Kila jibu ni sahihi, na hakuna linalotosha. Makala haya yanaonyesha kwamba majina ya moto wa uani ni kumbukumbu ya uhamaji wa watu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyomo katika wilaya hiyo hiyo, na kwamba yafaa tuyakusanye mapema.

Tuanze na mafiga. Mawe matatu hayahitaji fundi. Chungu kikitelekwa juu yake hakiyumbi hata pasipo na usawa, na kuni huingizwa katika nafasi zote tatu. Neno lenyewe ni la kale sana. Kiswahili husema figa, Kiganda essiga, Kinyarwanda ishyiga. Tofauti ya sauti hizo si ya bahati nasibu, kwani hata figo ya Kiswahili ni ensigo kwa Kiganda. Huko Buganda neno hili lilitoka jikoni likaingia katika jamaa: amasiga ni matawi makubwa ya ukoo. Nasi tunasema, jifya moja haliinjiki chungu, na jifya ni figa hilo hilo.

Moto wa pili ni wa kuota, na huu haupikiwi. Kiswahili kina kitenzi kuota moto. Kiganda nacho kina okwota, na kutokana nacho kimeunda jina ekyoto, mahali pa kukokea moto na kuketi. Mbele ya jumba la Kabaka huko Mengo, moto uitwao Ggombolola huwaka muda wote wa utawala wake na huzimwa anapofariki. Waacholi wa kaskazini huuita moto wa jioni wang oo, na hapo ndipo wazee waliposimulia hadithi na kuwaonya vijana. Wanyarwanda wana igicaniro, moto wa zizini unaowashwa kwa ajili ya ng'ombe. Basi kuchagua mahali pa moto kulikuwa ni kuamua pia nani ataketi hapo na nani atasikilizwa.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walipewa hifadhi huko. Wengi wao walikuwa wafugaji. Baada ya 1994 wengi walirudi kwao, lakini vita vya Kongo vilivyoanza 1996 vilileta wageni wengine, pamoja na Warundi na Wasomali. Kwa Wakongo wengi Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya nyumbani au ya sokoni.

Wakongo hao huliita jiko la makaa mbabula, na Wanyarwanda imbabura. Waganda husema sigiri, neno lenye asili ya Kihindi. Mtu wa pwani atasema seredani. Mkenya atasema jiko tu, na pengine atafikiria lile la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Msomali naye anatumia jiko, lakini kwake ni chumba cha kupikia. Chombo hiki, tofauti na mafiga, hubebwa. Anayekitumia hana haja ya kuchagua mahali pa kudumu.

Hapa ndipo penye jambo zito. Kuni zimeadimika Nakivale, na mashirika yamehimiza majiko banifu. Faida yake haina ubishi: moshi hupungua, na akina mama na wasichana hupunguziwa safari za kutafuta kuni. Lakini jiko banifu hufungia moto ndani, halina mwanga wa kuwakusanya watu. Mafiga yakiondoka, maneno yanayoyazunguka, na masimulizi yaliyosemwa hapo, hukosa kikao.

Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo walimu wengi watakutana na mbabula katika insha za wanafunzi. Tunashauri wasilikate kwa wino mwekundu. Waliandike ubaoni kando ya seredani na sigiri, kisha wawatume wanafunzi nyumbani na maswali matatu: moto wenu unaitwaje, umewekwa wapi na kwa nini hapo, na jioni huketi nani? Majibu yaandikwe pamoja na lugha ya msemaji na mahali alikotoka.