Tumbako Nayo Ilikuwa na Teneri Yake



Hapa Kolwezi neno teneri halihitaji mwalimu. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua ya kama mfuko wa kobalti haupimwi kwa kilo tu. Mbele ya kilo wanauliza: katika mawe haya, kobalti ni asilimia ngapi? Bei yote inatoka pale. Leo ninapenda tuzungumze juu ya kitu kingine ambacho watu wa nchi hii walikipima kabla mji wa Kolwezi haujajengwa mwaka 1937, na ambacho nacho kilikuwa na teneri yake. Ni tumbako ya kiko. Mashini yake ilikuwa vidole, pua na ulimi.

(Mtu ataniuliza: agronomo anatafuta nini mu historia? Tumbako ni jani, na jani njo kazi yangu. Tena sivuti, na siandiki haya ili mtu aanze kuvuta. Nikotini inafunga mtu mapema kuliko anavyofikiri, na moshi wake unaua.)

Tumbako si mzaliwa wa Afrika. Ni ya Amerika, sawa na mahindi na muhogo ambavyo leo tunasonga bukari bila kukumbuka ya kama vilikuja kwa mashua. Wareno walikuwa Luanda tangu miaka ya 1570, na kufikia karne ya 17 tumbako ilikuwa imekwisha kushika fasi nyingi za Afrika. Ilienda haraka kwa sababu moja rahisi ya shamba: gramu moja ya mbegu zake ina mbegu zaidi ya 10,000. Mahindi unayabeba kwa mfuko, muhogo unabeba vijiti. Tumbako ya kupanda kijiji kizima unaifunga kwenye ncha ya kitambaa, na hakuna mtu atajua unabeba nini. Ndiyo maana ilifika kwa watu ambao hawakuwa wameona Mzungu hata mmoja.

Majina yake yanaonyesha njia zake. Wanaosema Lingala wanaiita likaya, neno la ukoo mmoja na makaya ya Kikongo, yaani majani. Wabemba wanasema fwaka. Sisi wa Kiswahili tunasema tumbako, neno lililopanda kutoka pwani ya mashariki. Mu soko moja la Kolwezi utasikia yote matatu kwa siku moja, juu ya kibao kimoja. Sisi tuko pale ambapo njia ya magharibi na njia ya mashariki zilikutana.

Na hizo njia si hadithi. Mwaka 1802 wafanyabiashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, walitumwa kutoka Angola. Walipita Musumba kwa Mwant Yav, wakavuka Lualaba, wakafika kwa Kazembe, na mwisho wakatokea Tete, Msumbiji, mwaka 1811. Hii ni zaidi ya miaka 40 kabla Livingstone hajavuka Afrika. Baadaye akaja Msiri, Mnyamwezi kutoka upande wa Tabora, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba, akasimamisha ufalme wa Bayeke mu Bunkeya. Wakati mmisionari Arnot alifika kule mwaka 1886, Bunkeya ilikuwa inapokea misafara ya Angola na misafara ya pwani ya mashariki pia. Kulikuwa misalaba ya shaba, chumvi ya Mwashya, pembe za ndovu, bunduki, vitambaa. Kulikuwa na watu wa kuuzishwa, tusifiche. Na chini ya vile vitu vikubwa kulikuwa biashara ndogo ya kila siku, ile ambayo wageni waliiandika kwa mstari mmoja tu: mahindi, samaki, tumbako.

Tumbako hiyo haikuwa mu paketi. Majani yalikaushwa, yakasokotwa kama kamba, au yakapondwa na kukandwa kama mkate. Sasa wewe mnunuzi umetoka mbali na chumvi yako. Utajuaje kama kamba hii ina faida kuliko ile?

Unaanza na vidole. Unabonyeza. Jani likivunjika kama kikaragosi cha udongo mkavu, limekauka sana, litaungua haraka na kuchoma mdomo. Likibaki limelala pale ulipobonyeza, lina maji mengi. Litaota ukungu njiani, na tena umenunua maji kwa bei ya jani. Likirudi polepole lenyewe, hilo ni sawa. Leo mtu anayenunua tumbako ya kiko katika duka la London anafanya kitu hicho hicho, hata akiwa na suti.

Kiisha unanusa. Harufu ya majani makavu na ya kitu kitamu ni nzuri. Harufu inayopanda mpaka machoni, kama ya mkojo wa zizi la mbuzi, ni amonia: jani bado linaoza, halijamaliza kazi yake. Harufu ya udongo wa chini ya mtungi ni ukungu.

Halafu unavuta kidogo. Hapa njo ulimi unafanya kazi ya maabara. Kuna mambo mawili ambayo watu wanachanganya: tumbako kuwa kali na tumbako kuluma. Ukali ni nikotini. Unaukuta kichwani na tumboni, na aina ya zamani ambayo wataalamu wanaiita Nicotiana rustica inayo mara kadhaa kuliko ile ya sigara ya leo. Kuluma ni jambo la ulimi, linatoka kwa moto kuwa mkubwa, kwa maji mengi ndani ya jani, au kwa moshi wenyewe. Jani linaweza kuwa kali bila kuluma, na linaweza kuluma bila nguvu yoyote. Mzee aliyejua kutenganisha hayo mawili hakudanganyika kwa urahisi. Mwisho aliangalia jivu: jani lililoiva vizuri linawaka sawasawa na kuacha jivu jeupe, halizimiki kila dakika.

Tumbako ya kunusa ilikuwa na elimu yake pia. Wamama wengi wazee wanaisaga na kuchanganya na jivu la majani fulani. Nilipofika auditwari na kusoma kemia ya alkaloidi, nikaona kumbe ni darasa lile lile: jivu linaongeza alkali, alkali inafungua nikotini, nikotini inapita haraka kwenye ngozi ya pua. Hawakuwa na karatasi ya kupima pH. Walikuwa na pua, na kipimo cha jivu walikijua kwa mkono. Na Wachokwe, majirani zetu, waliheshimu hiyo kazi kiasi cha kuchonga viko na vinu vya kusagia tumbako kwa ufundi mkubwa sana. Vingine viko leo mu makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, nyuma ya kioo.

Jambo ninalotaka tushike katika yote haya ni hili: mwenye kuuzisha na mwenye kununua walikuwa na mashini moja. Kama vile kwenye pombe, mwenye kitu anaonja, mgeni naye anaonja, kiko kinapita mkono kwa mkono. Wanaweza kubishana juu ya bei mpaka jioni, lakini hawawezi kubishana ya kama mmoja ameona ndani ya jani na mwingine hakuona.

Sasa twende ng'ambo kidogo. Mwaka 1839 huko North Carolina, Marekani, kulikuwa mtumwa jina lake Stephen, mfua chuma, kwenye shamba la bwana mmoja aitwaye Abisha Slade. Kazi yake usiku ule ilikuwa kulinda moto wa kukausha tumbako. Wanasimulia kwamba usingizi ukamkamata. Alipoamka moto unataka kuzimika, basi akakimbia kwenye kiwanda chake cha chuma akaleta makala na kuyatupa pale. Ndiyo, makala, kama haya yetu. Joto likapanda ghafla bila moshi mwingi, na majani yakageuka rangi ya njano safi ambayo wanunuzi walipigania. Kutoka pale ikaenea tumbako ya njano, ile ambayo leo tunaita Virginia ya kukaushwa kwa mvuke, mama wa sigara za dunia nzima. Slade alipata mali na jina. Stephen alibaki mtumwa.

Kemia yake ni fupi: joto la haraka linasimamisha jani kabla halijala sukari yake, kwa hiyo Virginia inabaki tamu. Burley inakaushwa kwa hewa, wiki kwa wiki, na jani linamaliza sukari yote. Linabaki kavu, zito, na linakunywa vizuri kila harufu unayolitilia. Mchanganyiko wa kiko unajengwa juu ya hayo. Ufikirie kama sufuria ya sombe. Virginia ndiyo sombe yenyewe. Burley ni karanga, inatuliza na kujaza. Latakia, jani la Siria na Kipro linalokaushwa kwa moshi wa kuni, ni samaki wa moshi: kipande kimoja kinatosha nyumba nzima, ukizidisha hakuna tena sombe. Perique ya Louisiana, ambayo inachachushwa ndani ya mapipa kwa kukandamizwa miezi mingi, ni pilipili. Mwonjaji mzuri hasemi tu "ni tamu". Anakuambia nani amezidi mu sufuria.

Kwetu hiyo elimu ilikatika. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 kutoka kusini, Union Minière ilichukua vijana kutoka mashamba kwenda kambini, na sigara ya paketi ikafuata mshahara. Sigara imetengenezwa ili isihitaji kuonjwa: ya leo na ya mwaka ujao zina ladha moja, na mwenye kujua mchanganyiko wake yuko kiwandani. Hakuna anayebonyeza paketi kwa vidole.

Kule walikotoka Bayeke, tumbako ilifanya njia nyingine. Waingereza walijaribu karanga Urambo, ule mradi mkubwa uliokufa baada ya miaka michache, na nyuma yake ikaja tumbako ya mvuke. Mpaka leo Tabora na Urambo ni nchi ya tumbako, na mabani yake ya kukaushia yanakula miti ya miombo, jambo ambalo sisi wa makala tunaelewa vizuri. Kule kila jani linapewa daraja: fasi lilipokaa juu ya shina, rangi yake, ubora wake. Herufi moja au namba moja ikibadilika, mkulima anapoteza pesa ya ada ya mtoto. Kwa hiyo kuna mtu wa tatu, mpanga madaraja wa bodi ya serikali, anayesimama kati ya mkulima na kampuni. Wakulima wanamlalamikia kila msimu, na ninaamini mara nyingine wana haki. Lakini yupo.

Sasa rudini Musompo, kwenye madepo. Mkrezeri amefika na mfuko wake. Mnunuzi anachukua mashini yake, anaielekeza kwenye mawe, anasoma namba, anataja bei. Mashini ni ya mnunuzi, ekrani anaiangalia mnunuzi, halafu anakata na maji yaliyo ndani ya mawe. Malalamiko ya wachimbaji juu ya namba hizo yameandikwa mara nyingi, nami sitayarudilia. Ninasema tu kwamba yule mzee wa Bunkeya na kamba yake ya tumbako alikuwa na nguvu ambayo mkrezeri wa leo hana: alikuwa anajua teneri ya mali yake kabla ya kufika sokoni.

Msinielewe vibaya. Silii ulimi wa zamani. Ulimi una mpaka, na mpaka wake uko hapa hapa kwetu. Tumbako ni moja ya mimea inayovuta kadimiamu kutoka udongoni kwa nguvu sana na kuipeleka mpaka kwenye jani. Kadimiamu haina harufu, haina ladha, hailumi. Ukipanda tumbako karibu na maji yanayotoka kwenye viwanda vya madini, mwonjaji bora wa dunia nzima ataivuta na kusema ni nzuri. Pale tunahitaji mashini, na mwenye kuishika awe mtu asiyenunua wala kuuzisha.

Tena si tumbako peke yake. Majani ya kula nayo yanavuta metali, na bustani nyingi za lengalenga ziko kando ya mito yetu. Mama anayeuzisha anaona fungu la kijani, anayenunua anaona lile lile, na hakuna kati yao mwenye kuona ndani. Kwa hiyo ninyi wa mwaka wa mwisho mu agronomia, munaoandika kila siku ndani ya grupu ya kama mumekosa mada ya memwari: chukueni mito miwili, mmoja karibu na kiwanda na mmoja wa mbali, bustani kumi kila upande, majani na udongo wake, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Shida kubwa itakuwa bei ya analizi kwenye laboratwari, kwa hiyo muungane watatu au wane, mugawane mimea: mmoja lengalenga, mwingine matembele, mwingine sombe. Na kama bado mko na fasi, wekeni mistari miwili ya tumbako pembeni ya bustani. Ile inaweza kuwaonyesha kadimiamu vizuri.